Ruhusa ya Saa Moja

Jumanne, usiku

Mhandisi mgeni kwenye timu yetu, kijana hodari kweli, leo kauliza kwa nini hapewi nywila ya hifadhidata ya prodakshini, ile yenye data halisi ya wateja. Alikotoka, kila mhandisi alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Hapa anaambiwa aandike ombi, aeleze sababu, asubiri mwenzake aidhinishe, ndipo apewe saa moja. "Kwani mnatuona wezi, dada?" Aliuliza kwa utani, ila utani wenyewe ulikuwa na ukweli ndani yake.

Nilimwelewa. Hata mimi, utaratibu huu ulipoanza, niliuona ni urasimu wa watu wa usalama. Siku hizi ukinirudishia ile nywila ya kudumu nitaikataa, na wizi haumo kabisa kwenye sababu zangu.

Zamani sote tuliingia kwa jina moja. Akaunti moja ya msimamizi, nywila moja, imeandikwa kwenye faili la pamoja na kunakiliwa kwenye kompyuta za watu ambao wengine walishaacha kazi. Kitu kikiharibika, ukifungua logi, kumbukumbu ya nani kafanya nini, unakuta jina la akaunti hiyo tu. Nani kafuta ile mistari? Msimamizi. Msimamizi ni nani? Sote. Basi lawama ilikuwa inamwangukia yeyote aliyeonekana akigusa kitu mchana huo, na mara nyingi alikuwa mdogo kuliko wote. Leo logi ina jina langu, saa niliyoingia na kila amri niliyoandika. Wapo wanaosema huko ni kuvizia watu. Mimi naona ndiyo shahidi wangu siku nitakayoshukiwa bure.

Wazo lenyewe ni la zamani. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliliandika mwaka 1975: kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa ruhusa chache kabisa zinazomtosha. Kilichobadilika ni kwamba sasa "chache" inahesabiwa kwa muda pia. Chombo cha kutunza siri kama Vault cha kampuni ya HashiCorp kinaunda mtumiaji mpya wa hifadhidata papo hapo, kinampa jina na nywila ya nasibu, na muda ukiisha kinamfuta. Hakuna cha kunakili wala cha kusahau kwenye kompyuta ya zamani.

Ila kuna mtego hapa, na kijana aliunasa haraka kuliko nilivyotegemea. Kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, unaweza kumwekea mtumiaji tarehe ya mwisho kwa VALID UNTIL. Wengi wanaishia hapo na kulala usingizi. Tarehe hiyo inahusu nywila tu, na inaangaliwa wakati wa kuingia tu. Aliyekwisha kuingia dakika moja kabla anaendelea kukaa ndani hadi atoke mwenyewe. Tokeni za IAM za AWS, yaani vibali vya muda vya kuingilia hifadhidata kwenye wingu la Amazon, nazo ni vivyo hivyo: tokeni inaisha baada ya dakika 15, lakini muunganisho uliokwisha kufunguliwa haukatiki kwa sababu hiyo. Ukitaka saa moja iwe saa moja kweli, lazima pawe na kitu kinachokata miunganisho muda ukifika. Kwetu kipo, na watu wanakilaani kila wiki.

Kisha akaomba ombi ambalo kila mtu huomba: basi nipeni ya kusoma tu, hiyo haina madhara.

Haina? Mtu anafungua muamala, yaani fungu la amri linalohesabiwa kuwa kazi moja, anaandika SELECT moja, amri ya kusoma, kwenye jedwali la oda, anasoma majibu, anakwenda kula bila kuufunga. Ule muamala umeshika kufuli dogo, lisilomsumbua anayesoma wala anayeandika. Wakati huo mabadiliko ya muundo yanashuka, ALTER TABLE inataka jedwali lote peke yake, inasubiri. Tatizo linaanza hapo, kwa sababu kila amri inayokuja baadaye, hata ya kusoma tu, inapanga foleni nyuma ya ile ALTER TABLE. Tovuti nzima imesimama kwa sababu ya mtu ambaye hakubadilisha herufi hata moja. Ndiyo maana akaunti zetu za kusoma zinaelekezwa kwenye replika, nakala ya hifadhidata inayofuata ile kuu, na muamala uliozubaa unauawa. Isitoshe, anayesoma anaona namba za simu na anwani za watu ambao hawakutupatia ili tuzichungulie. Kwenye replika yetu safu hizo zinatoka nyota tupu. Mara chache sana nimehitaji namba yenyewe.

Sitaki nijifanye kwamba ruhusa inatibu kila kitu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, alikuwa anahangaika usiku na replikesheni, kazi ya kunakili data kutoka seva kuu kwenda ya akiba, akafuta saraka ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Kati ya takriban GB 300 zilibaki GB 4.5 hivi, na data ya saa sita hivi ikapotea, kwa sababu nakala rudufu zilikuwa zimeshindwa kimyakimya. Mtu yule alikuwa na kila haki ya kuwa pale. Fomu yoyote ya maombi ingempitisha.

Kwa hiyo ninachokipenda zaidi kwenye mfumo wetu ni orodha ya sababu. Nimeisoma leo tangu juu hadi chini, na sehemu kubwa ni jambo lilelile: oda ya mteja imekwama, naomba niisogeze. Hiyo ni kazi ya kitufe kwenye ukurasa wa timu ya huduma kwa wateja, chenye masharti yake na logi yake. Haipaswi kumfikisha mhandisi mbele ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Kila kitufe tulichojenga kimepunguza maombi kuliko kanuni yoyote tuliyowahi kupitisha.

Usiku wa manane, mwidhinishaji akiwa amelala na mfumo unaungua, ipo njia ya dharura: unajiidhinisha mwenyewe, simu za timu nzima zinalia, na kesho yake unaandika ulichofanya. Sijasikia anayeitumia kwa mzaha.

Mwishoni kijana akaniuliza, "Lakini anayeidhinisha huwa anasoma kweli?" Hapo alinibana. Kwenye logi kuna maombi yaliyopitishwa sekunde chache baada ya kutumwa, na hakuna anayesoma kwa kasi hiyo. Tumekubaliana kujaribu hivi kuanzia wiki ijayo: anayetaka kuandika kwenye prodakshini aambatishe amri yenyewe, neno kwa neno, na mfumo ukatae amri yoyote isiyokuwemo kwenye ombi. Rasimu ya kwanza ataiandika yeye. Mimi nitaipinga, hasa pale atakaposahau miamala.