Benchi la kibanda cha gemu

Bombo, Jumamosi usiku.

Leo nikitoka sokoni nilipitia kibanda cha gemu ambako kijana wangu wa miaka 9 humalizia shilingi zake 500 kila wikendi. Siku zote humtuma dada yake akamwite. Leo nimeingia mwenyewe, kikapu mkononi, nikamwambia mwenye kibanda, "Mwanangu, nipe nafasi niketi." Akapangusa benchi kwa mkono. Watoto wote kimya.

Kijana wangu alikuwa anacheza gemu ya GTA San Andreas. Akasimamisha gari, akamvuta dereva nje, akampiga mpaka akalala barabarani, akaondoka na gari. "Mama, huyo si mtu wa kweli," akaniambia, macho kwenye skrini. Najua, baba. Lakini nilikuwa natazama kidole gumba chake juu ya padi, namna kilivyobonyeza bila kusita, na moyo ukaniuma.

Nikaomba nione diski. Ilitolewa kwenye mfuko wa nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu nene. Basi. Ulaya gemu huuzwa ndani ya boksi lenye alama ya umri ya PEGI, mfumo wao wa kupima gemu: 3, 7, 12, 16 au 18, na nyuma kuna vijipicha vya kumwonya mzazi kama mna vurugu, matusi au kamari. Marekani wana wapimaji wao, ESRB, tangu 1994. San Andreas kwa PEGI ni 18, mara mbili ya umri wa mwanangu. Onyo lote hilo limebaki kwenye boksi, na sisi hapa tumeletewa diski tupu.

Hata hao wenye kupima hupitwa. Gemu hiyohiyo ilitoka 2004 ikiwa imepewa na ESRB alama ya M, yaani miaka 17 na zaidi. Mwaka 2005 zikagunduliwa sehemu za ngono zilizofichwa ndani yake, ESRB wakaipandisha iwe ya watu wazima tu. Kwa hiyo mimi alama naisoma, kisha naketi nitazame.

Na kuna lisiloandikwa popote. FIFA, ile gemu ya mpira wa miguu, ina alama ya 3, wala sina ugomvi nayo. Ila mwezi uliopita kijana wangu alifungwa na mtoto mkubwa, akarudi nyumbani analia, akakataa chakula. Waliotoa ile 3 hawamjui. Mimi namjua, kushindwa humkaa kifuani siku nzima. Gemu za simu ndizo zinanitia hofu zaidi: umri huonyeshwa pale pale unapopakua, lakini mtu mzima anayeongea na mwanao kupitia spika huwezi kumwona. Siku hizi swali langu la kwanza ni, "Unacheza na nani?"

Sikumgombeza mbele ya wenzake. Nilimwomba anifundishe mbio za magari, akacheka kila nilipogonga ukuta, akanishika vidole kunionyesha pa kubonyeza.

Kabla ya kuondoka nilimwomba mwenye kibanda atoe diski zake zote. Nikawa natafuta kila gemu kwenye simu yangu, nasoma namba, naye anaiandika juu ya mfuko kwa kalamu ileile nene. Tulifika ya saba, umeme ukakatika. Zimebaki kama ishirini hivi. Nimemwahidi Jumatano.