Mtoto aanze na makande, pilau litakuja lenyewe

Kuna wazazi hapa mtaani kwetu Pasua wanasema watamfundisha mtoto kupika hali ikikaa sawa, yaani siku kuna nyama na mchele wa kutosha. Sasa hiyo siku ni lini jamani? Mi naona jiko lenye vitu vichache ndo linafundisha kweli, maana mtoto anajua kupika kile kile ambacho na kesho kitakuwepo.

Chukua makande, si ndo tumekulia hapa Moshi. Jioni mpe mtoto achague maharage atoe vijiwe, aoshe, aloweke pamoja na mahindi, asubuhi amwage yale maji aweke mapya abandike. Akiuliza kwa nini ahangaike hivyo mwonyeshe mkaa: vitu vilivyolala kwenye maji vinaiva mapema na mkaa unabaki wa kuchemshia chai ya jioni. Kuna wanaotia magadi ili yalainike upesi, mi siyapendi, yanaleta ladha ya sabuni.

Uji nao ni darasa. Unga ukorogwe kwanza na maji ya baridi ndo umwagwe kwenye maji yanayochemka huku anakoroga, akiumwaga mkavu ni mabonge matupu na unga umeenda bure. Kusonga ugali asubiri, ile sufuria inataka mkono wenye nguvu, na dona ni gumu zaidi ya sembe.

Afu mtume dukani na hela ya mboga yote, usimpangie. Apige hesabu mwenyewe nyanya ngapi, kitunguu, mafuta ya kupima, dagaa kidogo, akirudi bila chumvi basi mtakula hivyo hivyo na hatasahau tena. Wavulana pia, tena hao ndo kabisa, wakipanga chumba huko mjini wanaishia kula chipsi kila siku.

Ila kuna kitu sitanii nacho. Hii baridi ya mwezi wa sita na wa saba watu wanaingiza jiko la mkaa ndani wanafunga mlango wapate joto, ile hewa yake haina harufu na inaua. Jiko likae nje, na mtoto asiachwe nalo peke yake.

Wangu wananidai kiburu, zile ndizi zinazopikwa na maharage, kwaiyo Jumamosi tunashuka soko la Mbuyuni kutafuta ndizi, na mdogo ndo atashika hela.