Boriti Ndiyo Iliyopanga Chumba

Basi lilitushusha Mokowe alasiri, miguu imevimba, kitambulisho nimekitoa mfukoni sijui mara ngapi kwenye vizuizi vya polisi. Kutoka hapo ni boti. Mji wa Lamu huanza kama mstari mweupe juu ya maji, kisha ghafla u mbele yako: nyumba za ghorofa zilizobanana, madau gatini, na punda kila upenyo.

Nilikuwa mwaka wa nne wa usanifu majengo katika chuo kimoja cha bara. Kazi tuliyopewa ilikuwa kupima nyumba ya kale na kuichora. Nilijiona nimekamilika, maana nina kipimo cha leza na tableti. Usam Ghaidan, aliyefundisha usanifu Chuo Kikuu cha Nairobi, aliuchunguza mji huu miaka ya 1970 bila makorokoro hayo, robo karne kabla UNESCO haijautia kwenye orodha ya urithi wa dunia, 2001.

Nyumba yenyewe iko vichochoroni, nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Unaingia dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unapinda kona iliyowekwa makusudi ili mpita njia asichungulie, unatokea kiwandani. Kiwanda kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ni ua wa wazi. Siku ya kwanza nilidhani palikuwa na mashine. Baada ya hapo ni misana miwili, yaani kumbi ndefu nyembamba, kisha ndani, chumba cha faragha, kila chumba kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia na giza likizidi. Huko mwisho ukuta mzima ni zidaka, vishubaka vilivyochongwa ukutani, safu juu ya safu, nakshi za chokaa ambazo vidole vya watu vimezilainisha.

Nilipima siku mbili. Usiku wa pili nikachora msana, ukakataa kufunga. Kuta nne, pengo la sentimita 17. Nikailaumu leza.

Asubuhi nilimkuta fundi mzee akikarabati ukuta wa kiwandani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wapima nini tangu juzi?"

Nikamwambia, na nikamuuliza jambo lililonisumbua: kwa nini vyumba vyote ni virefu, vyembamba, na upana hauvuki mita 3? Hakujibu. Alinyoosha mwiko juu, kwenye dari. Boriti za mikoko, moja baada ya moja, na mawe ya matumbawe yamelazwa juu yake. Mkoko hautoi zaidi ya hapo, basi na chumba hakipati zaidi ya hapo. Akanitajia miti hiyo kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Sisi darasani tunachora chumba kwanza, tukishapendezwa nacho tunamtafuta mhandisi atuambie kitasimama vipi.

Kisha akanipeleka kona ambayo mtu alishaipiga lipu ya saruji. Kwa macho ilikuwa safi kuliko kuta zote. Akaigonga kwa kipini cha mwiko, ikalia tupu. "Ukuta hunwa mai," akasema, yaani hunywa maji, "kisha huyatoa. Huu umezibwa mdomo." Akabandua kipande: nyuma yake unga mweupe wa chumvi na jiwe linalomung'unyika. Unyevu ulipokosa pa kutokea ulipanda hadi kwenye ncha za boriti. Alichomeka msumari kwenye moja, ukazama kama kwenye papai bivu.

Chokaa yake yeye inatokana na matumbawe yaliyochomwa, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ikae. Hukauka polepole na hukubali unyevu upite. Alinipa mwiko nijaribu. Lipu yangu ya kwanza iliniangukia mguuni, ya pili ikashika kiasi cha kiganja, naye akaibandua bila neno.

Wakati huohuo punda wawili walipita nje na mifuko ya saruji. Siwezi kumlaumu mwenye nyumba. Saruji iko dukani leo na kesho ukuta umekauka. Chokaa inataka wiki kadhaa na mtu anayeijua. Ila mimi nilikuwa nimesoma zege mihula miwili, na chokaa nilionyeshwa picha moja.

Lile pengo? Mzee alinishikia upande mmoja wa utepe, tukapima pembe kwa pembe, kona hadi kona. Leza haikuwa na kosa. Nilikuwa nimedhani kila kona ni mraba, na katika msana ule hakuna hata moja. Nyumba imefuata kichochoro, na kichochoro kimefuata jirani.

Siku ya kuondoka nilimpelekea mchoro. Akauangalia sana, kidole gumba chenye chokaa kikitembea juu ya karatasi, kikasimama kwenye ukuta wa nyuma.

"Hapa umenyosha."

Kweli, nilikuwa nimeunyoosha, ili upendeze. Abiria wa boti walikuwa wanaitwa gatini. Niliomba kifutio kwa mtoto aliyekuwa barazani, nikaketi palepale kuupinda upya.