Injini ya pampu kwenye kigari cha gofu: anza na klachi

Kigari cha gofu cha petroli kikifa injini, watu wa Mwanza hukimbilia injini ya pampu au ya jenereta, aina ya GX390 ya Honda au ndugu zake wa Kichina, na swali la kwanza huwa ni nguvu za farasi wangapi. Swali hilo lisubiri. Kabla hujachomelea chuma hata kimoja, jua klachi itakayokaa kwenye shafti.

Injini nyingi za asili za vigari hivi hazina sailensa, yaani haziungurumi kigari kikiwa kimesimama. Ukiachia pedali inazimika; ukikanyaga, starta inaizungusha upya. Kwa hiyo klachi yake imetengenezwa ishike mapema, mizunguko ikiwa bado michache. GX390 yenyewe hukaa sailensa kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Ukiifungia klachi ile ile ya zamani, kigari kinataka kuondoka chenyewe, wewe unakizuia kwa breki, na mkanda unasagika mahali pamoja. Utaijua kasoro hiyo kwa kuutazama mkanda: kuna kipande kimeliwa kiuno, na kila ukiondoka unasikia kudunda. Tafuta klachi ya mbele, ile puli inayokaa kwenye shafti ya injini, yenye spring inayoanza kushika kati ya 1,800 na 2,200. Injini hii huvuta kwa nguvu zaidi karibu na 2,500, kwa hiyo kuchelewesha klachi zaidi ya hapo ni kuchoma mafuta na mkanda bure.

Klachi ya viatu, ile ya bei nafuu inayotanua viatu ndani ya ngoma na yenye uwiano mmoja tu, iache kwa anayetembea tambarare. Ukipanda nayo milima ya Bugando au Isamilo na abiria wanne, mizunguko inashuka, viatu vinateleza, ngoma inageuka bluu kwa joto. Tena tuko mita kama 1,140 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Farasi 11.7 wa kwenye karatasi huku kwetu wanabaki kama 10. Milima inataka puli mbili zinazobadilisha uwiano zenyewe.

Puli ya nyuma, iliyoko kwenye difu, ibakize kama bado nzima. Pima upana wa juu wa mkanda wa asili kwa kalipa, vingi ni kama milimita 30, kisha tafuta klachi ya mbele inayotumia mkanda huo huo. Wengi hununua seti ya puli hizo mbili ya saizi 40, ambayo mkanda wake ni milimita 22, wakafunga puli ya mbele tu. Mkanda mwembamba huzama kwenye puli pana ya nyuma, ikawa kama kuondoka na gia ya pili. Saizi 30 ndiyo usiiguse kabisa kwa injini hii. Uwezo wake unaishia farasi kama 8.

Shafti ya GX390 iliyonyooka ni inchi 1, yaani milimita 25.4, na kii yake, kile kipande cha chuma kinachozuia klachi isiteleze kwenye shafti, ni robo inchi. Klachi yenye tundu la milimita 25 haiingii. Ipeleke kwa fundi wa kukereza, usiipige nyundo, maana nyundo inaumiza bearing za injini. Injini iliyotolewa kwenye jenereta mara nyingi ina shafti iliyochongoka, na mchongoko huo si lazima ulingane na wa klachi ya gofu. Hapo afadhali ununue ya pampu. Itazame pia inavyozunguka: ukiikabili shafti, GX huzunguka kinyume cha saa. Izungushe kwa mkono ukiangalia tairi kabla ya kuamua injini ielekee wapi, la sivyo utapata gia ya mbele inayorudi nyuma.

Kosa linaloua mikanda kuliko yote ni kufunga injini kwenye chesisi wakati difu inacheza na spring. Kila shimo la barabara linabadilisha umbali kati ya puli. Injini ikae kwenye fremu ile ile inayoshika difu, na matundu ya bolti yawe marefu ili uweze kusogeza. Weka rula ndefu iliyonyooka ubavuni mwa puli zote mbili kabla ya kukaza.

Kasi nayo ihesabiwe. Kwa tairi la inchi 18, difu ya 11:1 na puli zikifika 1:1, mizunguko 3,600 inatoa kama kilomita 28 kwa saa. Vigari vingi vina breki za nyuma tu, kwa hiyo gavana ya injini, ile inayozuia mizunguko isizidi, usiiguse.

Puli hazipakwi grisi wala oili. Kigari kinachoshuka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, kinarudi na mchanga na maji ya samaki: futa uso wa puli kwa kitambaa kikavu, na kutu ikianza ipitishie msasa laini. Mkanda ukilowa utateleza mpaka ukauke. Simama usubiri, usikanyage mafuta.