Nilivyojifunza Kumwogesha Bibi Bila Kujifanya Daktari

Nilipoanza mazoezi ya wodini katika mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Moshi, kijana aliyenitangulia darasa alinipa ushauri ulionigharimu wiki nzima ya aibu. Aliniambia kwamba mwanamume akionekana wodini wagonjwa humwita daktari wenyewe, kwa hiyo nisijisumbue kuwasahihisha, kwa kuwa hakuna atakayemheshimu "sista" mwenye ndevu. Nilimwamini kabisa, nikawa natembea na stetoskopu shingoni hata ninapokwenda kumwaga maji machafu.

Siku ya nne, ndugu watano wa mgonjwa mmoja walinizunguka wakitaka niwaeleze picha ya kichwa cha baba yao inaonyesha nini, nami mkononi nilikuwa nimeshika bedpani, chombo cha mgonjwa kujisaidia kitandani, iliyofunikwa kwa gazeti. Badala ya kusema ukweli, nilikohoa kidogo, nikajibu kwa sauti nzito kwamba "tunaendelea kufuatilia kwa karibu", maneno niliyoyaokota kwa madaktari wakati wa mzunguko wa asubuhi. Daktari mwenyewe alitokea nyuma yangu, akaniuliza kwa upole kama nimeshamaliza kutandika vitanda. Ndugu wale walinitazama mimi, wakaitazama bedpani, kisha wakanipisha bila neno.

Wiki hiyo hiyo nilipangiwa bibi wa miaka 80 na ushee, aliyepooza upande wa kushoto kwa kiharusi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, halafu akasema, "Sasa niitie binti." Msimamizi naye akaniambia nimwachie mwanafunzi mwenzangu wa kike, eti wanawake wamezaliwa na mikono hiyo. Binti wa watu alikuwa akitetemeka kuliko mimi, na alipomvua gauni kwa kuanza na mkono uliopooza, bibi alipiga kelele. Hakuna aliyesema kwamba amekosea kwa sababu ni mwanamke, na hilo liliniuma.

Babu yangu wa Kibosho hutukumbusha kwamba enzi za Mwingereza waliokuwa wakifunga vidonda katika zahanati za vijijini ni wanaume, wakiitwa madresa, na watu waliwapisha njia. Kwa upande mwingine, shule ya uuguzi ya Nightingale iliyofunguliwa London mwaka 1860 ilichukua wanawake peke yao, na nadhani picha hiyo ndiyo iliyotukaa kichwani kuliko ya madresa wetu.

Kesho yake niliiacha stetoskopu bwenini. Nilipitia Mbuyuni nikanunua chupa ya chai, elfu kumi na kitu, nikaijaza maji ya moto, maana ulikuwa mwezi wa saba na baridi ya Moshi ya mwezi wa saba mnaijua. Nilimwambia bibi kwamba mimi si daktari, ni mwanafunzi wa uuguzi, na kwamba leo naomba miguu tu. Niliilowesha katika beseni, nikaisugua taratibu, nikamkata kucha. Siku ya pili aliongeza mikono na mgongo. Siku ya tatu alinikabidhi khanga zake mbili mwenyewe, akamwita mkwewe asimame kando ya pazia, akasema, "Haya, mjukuu wangu, lakini usinifunue kama kuku."

Khanga ndizo siri yenyewe: unafunua sehemu moja, unaosha, unakausha, unafunika, ndipo unahamia nyingine. Sehemu za siri alijiosha kwa mkono wake mzima, nami nikashika beseni na kutazama dirishani. Gauni huvuliwa kwa kuanza na mkono mzima na huvishwa kwa kuanza na uliopooza. Nilimwonyesha mwenzangu, naye akanifundisha kumgeuza mgonjwa bila kumburuta. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili, tukikagua visigino na mfupa wa makalio kama kuna wekundu, na bibi alirudi kwake bila kidonda hata kimoja cha kulalia.

Desemba tulipopanda mlimani kwa Krismasi, mjomba, ambaye hajawahi kukubali kwamba uuguzi ni kazi ya mwanamume, aliniita nyuma ya migomba nimpime presha kwa siri. Kabla sijamaliza kumfunga kitambaa mkononi, akaniuliza udaktari naanza lini.