Kisumu hadi Eldoret: msipangie safari kwa dakika za ndege

Kila wakati vyuo vya Eldoret vinapokaribia kufunguliwa wazazi wa huku Kisumu wanaanza kuulizana kwa WhatsApp, jamani Eldoret ni mbali kiasi gani, ndege inachukua muda gani, na hakosi mtu wa kutafuta kwa simu na kurusha jibu: kilomita 80 na kitu, ndege nusu saa hivi. Hizo namba si za uongo lakini zinapotosha watu, na anayeumia ni mama aliyepanga kufika na mtoto saa nne asubuhi akajikuta anafika saa saba foleni ya kusajili watoto ishakuwa ndefu.

Zile kilomita 80 ni za mstari ulionyooka, tena unapita juu ya milima ya Nandi kama vile haipo. Ile hesabu ya muda nayo, wanachukua huo umbali wanagawanya kwa mwendo wa jeti kubwa halafu wanaongeza kidogo cha kuruka na kutua, basi. Sasa ukienda kununua tiketi yenyewe, mara nyingi unaletewa safari ya kupitia Nairobi kwanza, yaani karibu dakika 50 hewani kwenda huko, ukae usubiri, halafu nyingine kama hizo kurudi huku magharibi. Umezunguka zaidi ya kilomita 500 kufika mji wa jirani! Na uwanja wa Eldoret uko kama kilomita 16 nje ya mji, upande wa barabara ya Kapsabet, hiyo hiyo ambayo matatu ya kutoka Kisumu inapita.

Kwa barabara ni karibu kilomita 120, na kwa matatu wekeni saa mbili na nusu hadi tatu. Unatoka Kondele, Mamboleo, halafu kale kapandio ka kwenda Kiboswa kanaanza na hapo ndio dereva anashuka gia, injini inalia, ukigeuka nyuma unaona ziwa lote limelala chini. Majengo, Mbale, Chavakali, hapo unakata kulia kuelekea Kaimosi. Mpaka Kapsabet masikio yanaziba na kuzibuka, mashamba ya majani chai pande zote, na yule aliyefungua dirisha lote Kisumu sasa ndiye anaomba lifungwe. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari, Eldoret ni karibu 2,100, na katikati umevuka ikweta. Huo mpando ndio unakula muda jameni, si umbali.

Kwa hivyo tokeni asubuhi. Nandi mvua inapenda kunyesha mchana kwenda jioni na ikishika pale Kapsabet magari yanatambaa, mimi kurudi usiku kwa ile barabara siwezi kumshauri mtu kabisa. Sweta ya mtoto iwe mkononi, isifungwe ndani ya sanduku. Na kama mna godoro na boksi elewaneni na makanga bei ya mzigo pale steji kabla haujapandishwa kwa keria, kwa sababu ukishafungwa kamba huko juu, kushusha bei ni kazi.