Kachero wangu amekwama Siyu

Leo usiku nimefuta kurasa 31. Nilizisoma mara mbili, nikaona zinadanganya, nikazitoa.

Tangu mwaka jana ninaandika riwaya ya upelelezi, ile niliyoitamani tangu nilipokuwa msichana nikijifunika shuka na kurunzi, nikisoma vitabu vya makachero vilivyochanika majalada. Kachero wangu ni wa Nairobi. Mpweke, hana usingizi, haamini mtu, na koti halimtoki hata akiteremka Mombasa mwezi wa Februari. Anamsaka mmoja wa waliolipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998. Anamfuata Moroni, Lamu, hadi Mogadishu, na katika sura ya mwisho wanakutana, wawili peke yao, gatini, mvua inanyesha. Sura hiyo niliipenda mno. Ndiyo niliyoifuta kwanza.

Aliyeniharibia ni mama mdogo. Mwaka ule wa 1998 alikuwa akipiga taipu katika ofisi moja karibu na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie. Watu wengi hawalijui jambo hili: kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika kishindo kidogo. Mmoja wa waliokuja na lori la bomu alirusha guruneti pale kwenye kizuizi, mlinzi alipokataa kufungua. Watu maofisini wakasikia, wakaacha kazi, wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Kisha bomu lenyewe likalipuka. Ndiyo maana majeruhi wengi siku ile waliumia macho. Nairobi walikufa watu 213, maelfu wakajeruhiwa, na jengo la Ufundi lililopakana na ubalozi likaporomoka lote. Dar es Salaam, ambako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa karibu wakati ule ule, walikufa 11. Mama mdogo jicho la kushoto lilipotea kabisa, na la kulia siku hizi linafifia, kwa hiyo mimi humsomea.

Jumapili nilimsomea sura tatu za mwanzo. Alisikiliza kimya, mikono mapajani, kahawa ikapoa. Nilipomaliza akaniambia, “Mwanangu, huyu mtu wako ameshapata jina la gaidi, na mimi bado sijatolewa vigae vya kioo.”

Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu Jumapili sijaandika kitu cha maana. Nimerudi kwenye madaftari yangu, kwenye yale niliyoyakusanya juu ya msako wenyewe jinsi ulivyokwenda.

Ulianza upesi, hilo ni kweli. Siku ile ile ya mlipuko, mmoja wa washirika wa walipuaji alizuiwa uwanja wa ndege wa Karachi kwa sababu ya pasi yake. Yule aliyerusha guruneti alitimua mbio, akaumia, akaenda kutibiwa hospitalini kama majeruhi wengine. Huko alificha risasi na funguo chooni, na mfagiaji wa hospitali akavikuta. Siku chache baadaye akakamatwa Eastleigh. Mwaka uliofuata, Oktoba 1999, Mtanzania mmoja aliyeshiriki shambulio la Dar es Salaam alipatikana Cape Town. Alikuwa amejiombea ukimbizi kwa jina lisilo lake, akifanya kazi jikoni kwenye mkahawa wa baga. Akakabidhiwa kwa Wamarekani haraka haraka, na mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema kumtoa vile, bila kwanza kupata ahadi kwamba hatanyongwa, kulivunja sheria. Wakati huo yuko New York tayari, kesi inaendelea. Mwaka huo huo yeye na wenzake watatu walihukumiwa kifungo cha maisha.

Msako ungeishia hapo, riwaya yangu ingefaa. Lakini mimi nilimchagua Fazul Abdullah Mohammed, Mngazija wa Moroni, aliyepanga nyumba ya Runda lilikoundwa bomu la Nairobi. Wapelelezi walipofika kwao Moroni, alikwisha ondoka. Dola milioni 5 ziliwekwa kwa atakayesaidia apatikane. Yeye akaja akaishi Siyu, kisiwani Pate.

Siyu! Nilikwenda huko mwaka juzi kwa ajili ya kitabu hiki. Kutoka Lamu unangoja maji yajae ndipo mashua ipite kwenye mikoko, ukikosa bamvua unalala njiani. Mji mdogo, ngome yake ya kale imesimama pembezoni mwa maji, mji uliosifika zamani kwa wanazuoni na mafundi wa ngozi. Mahali kama hapo mgeni hajifichi. Anaonekana siku ya kwanza, anaulizwa kwao wapi, anakaribishwa chakula. Naye hakujificha. Alijipa jina jingine, akafundisha watoto dini, akaoa pale pale. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Wazee niliokaa nao barazani hawakutaka kumtaja, na mimi sikuwalazimisha. Niliona aibu ambayo si yao, na nilikasirika kwa niaba yao. Mtu huyu alikijua Kiswahili, alizijua adabu zetu, akazitumia kama mtu anavyotumia shuka kufunika mzigo.

Novemba 2002 hoteli moja ya Kikambala, karibu na Mombasa, ikalipuliwa. Walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3, na miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliosimama pale kuwalaki wageni. Na Fazul akatajwa tena.

Baada ya hapo msako ukatuangukia sisi watu wa pwani. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilipekuliwa saa tisa za usiku, mwaka 2003. Kaka yangu alichukuliwa na watu ambao hawakusema wametoka wapi, akarudi siku ya nne, na mpaka leo akisikia gari linasimama nje usiku huamka akakaa kitandani. Kachero wangu angeweza kuwa mmoja wa watu wale. Nilipoliona hilo ndipo nilipoweka kalamu chini. Nimempa ujasiri, nimempa machungu ya mapenzi, nimempa mpaka kikohozi, lakini sikuwahi kumuuliza amepiga milango mingapi isiyo yake.

Agosti 2008 polisi walivamia nyumba Malindi. Fazul alikwisha toka.

Na mwisho wake, mwisho wa kweli, ni huu: usiku mmoja mwanzoni mwa Juni 2011, gari lilipotea njia Mogadishu, likaja moja kwa moja kwenye kizuizi cha wanajeshi wa serikali. Risasi zikarushwa. Ndani ya gari wakafa wawili. Mmoja alikuwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina Daniel Robinson na dola kiasi cha elfu 40. Wale askari hawakumjua. Hawakuwa wakimsaka. Siku kadhaa zilipita ndipo ikathibitishwa kwamba ni Fazul, na habari ilipotangazwa, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani alikuwa Dar es Salaam, mji mmojawapo wa ile miwili. Tangu mlipuko ilikuwa imepita miaka 12 na miezi 10.

Gati langu, mvua yangu, macho kwa macho, vyote nilivibuni kwa sababu sikuweza kustahimili kwamba hakuna aliyemwambia neno. Hakuna aliyesimama mbele yake akamsomea majina 213 na mengine 11. Nadhani ndiyo sababu tunazipenda riwaya hizi: humo mtu mmoja anabeba deni letu sote mpaka kwa mdaiwa. Sitaki kuacha kuziandika. Ila sitaki tena kumpa mama mdogo mkutano ambao hakuupata.

Kwa hiyo kachero nimemwacha Siyu kwa sasa, anangoja maji. Nataka azeeke humo kitabuni. Nataka miaka ipite, mtoto wake amalize shule, faili lihamishwe makabati, na asikie habari ya Mogadishu redioni akiwa amestaafu, kama tulivyoisikia wengine. Na sura ya tatu ninaianza upya hospitalini, sio ofisini kwake.

Jioni hii nilimpelekea mama mdogo kurasa nne hizo mpya. Wodi imejaa, watu wamelazwa koridoni, damu sakafuni, na mwanamke mwenye ndoo na fagio anaingia chooni, anakuta risasi na funguo, anasimama. Ni mimi niliyemfanya mwanamke. Anavitazama, anatazama mlango, anajua akivichukua maisha yake yatabadilika. Anakausha mikono kwenye gauni, halafu anavichukua.

Mama mdogo alinishika kifundo cha mkono. “Huyo,” akasema. “Huyo nisomee tena, polepole.”